Ufunguo wa Kukunja: Kasha Rahisi, Bawaba Ngumu

Juni 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliagiza zaidi ya magari 510,000 aina ya Chevrolet Camaro, ya matoleo ya 2010 hadi 2014, yarudishwe kurekebishwa. Injini hazikuwa na kasoro, wala breki. Kilichotiliwa shaka ni ufunguo. Camaro ilikuwa na ufunguo wa kukunja, ule ambao ukibonyeza kitufe ulimi wake unafyatuka kutoka ubavuni mwa kasha kama kisu cha springi. Kasha likiwa kwenye swichi, dereva aliyekaa karibu na usukani aliweza kuligonga kwa goti, swichi ikarudi nyuma na injini ikazimika gari likiwa mwendoni. Tiba ikawa kuuondoa ufunguo wa kukunja na kumpa mwenye gari ufunguo wa kawaida, rimoti ikae kando.

Mafundi wetu wa funguo, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, wanafanya kinyume chake. Mteja analeta ufunguo mnyoofu wa Toyota uliopasuka kichwa, na rimoti iliyozungushiwa utepe wa gundi. Anaondoka na ufunguo mmoja wa kukunja. Sababu zake zina mashiko. Ulimi hautoboi tena mfuko, vitu viwili vimekuwa kimoja, na kasha jipya halifikii hata kidogo bei ya ufunguo kamili wa kiwandani. Kwa macho, kazi yenyewe ni kubadilisha ganda tu. Lakini ukiifuata hatua kwa hatua utaona ganda ndilo jambo jepesi kuliko yote. Kinachoamua kama ufunguo utadumu miaka au utayumba baada ya miezi ni kiungo kilichoongezwa kati ya mkono wa dereva na swichi.

Kazi tatu, kasha moja

Ufunguo wa gari la kisasa unabeba kazi tatu ambazo hazijuani. Ya kwanza ni ya chuma: meno ya ulimi yanavisogeza vibamba vilivyo ndani ya silinda mpaka vyote vilingane, hapo silinda inakubali kuzunguka. Ya pili ni chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaoizuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambulika. Chipu hii haina betri. Koili iliyozunguka mdomo wa swichi inatoa uga wa sumaku wenye mawimbi ya takriban kilohezi 125 au 134. Chipu inapata nguvu kutoka kwenye uga huohuo, inajitambulisha, na kompyuta ya gari inaruhusu injini iwake. Umoja wa Ulaya uliifanya imobilaiza kuwa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo huku kwetu huingia kama mitumba, hayana kifaa hicho. Kazi ya tatu ni ya rimoti: sakiti ndogo yenye betri, inayotuma mawimbi ya redio ya megahezi 433.92 kwa magari ya Ulaya, au karibu na 315 kwa ya Marekani na Japani, ili milango ifungwe na kufunguliwa.

Faida ya kuzitenganisha kichwani kazi hizi tatu inaonekana mambo yanapoharibika. Milango ikifunguka kwa rimoti, swichi ikazunguka vizuri, lakini injini ikagoma au ikawaka na kufa baada ya sekunde moja au mbili, huku taa ya usalama ikiwaka kwenye dashibodi, mtuhumiwa wa kwanza ni chipu. Gari likiwaka bila shida na milango ikawa kimya, angalia rimoti au betri. Ulimi ukiingia na kugoma kuzunguka, chipu na rimoti hazihusiki. Rudi kwenye meno. Fundi anayeanza kubadilisha betri kwa gari lisilowaka anapoteza muda wa mteja.

Chipu kabla ya yote

Swali la kwanza kuuliza kabla bisibisi haijashikwa ni kama gari lina imobilaiza, na kama lina, chipu iko wapi. Kwenye baadhi ya funguo za Toyota ulimi wenyewe unatoa dokezo: nukta, au herufi G au H iliyogongwa kwenye shina la chuma, inaonyesha kizazi cha chipu. Vizazi hivi haviingiliani. Kasha linaweza kufanana kwa kila kitu, na gari bado likakataa.

Kwenye ufunguo wa zamani wenye kichwa cheusi kisicho na vitufe, chipu imezikwa ndani ya plastiki. Ni kipande cheusi cha umbo la kabari, urefu wa milimita 12, upana 6 na unene 3. Ndani yake mna waya mwembamba mno uliozungushwa kwenye feraiti, kijiti kigumu kama kauri, na feraiti haipindi, ikizidiwa inakatika. Kukibana kichwa cha ufunguo kwenye jiliwa na kukipasua kwa koleo ni njia ya haraka ya kuua chipu. Fundi makini anatumia msumeno mwembamba na tupa, anapunguza plastiki upande kwa upande kuanzia kingoni, na ukuta wa mwisho anauondoa kwa wembe mpaka kabari itoke kwa vidole.

Njia iliyo bora ni kuuacha ufunguo wa zamani mzima na kuitengenezea chipu nakala. Uwezekano huo una historia. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wa RSA Laboratories walionyesha kwamba chipu za Texas Instruments zilizolindwa kwa siri ya biti 40, zilizokuwemo kwenye magari ya Ford na Toyota, zinaweza kunakiliwa. Leo mashine ya kunakili chipu za aina hiyo inakaa juu ya meza ya fundi wa funguo. Ufunguo asilia unabaki nyumbani kama akiba, na mteja ambaye ana ufunguo mmoja tu hahatarishi gari zima kwa ajili ya kasha.

Kuna suala la umbali ambalo wengi hawalifikirii. Mawasiliano ya chipu na koili ya swichi ni ya sentimita chache. Kwenye ufunguo mnyoofu chipu hukaa karibu na shina la ulimi. Kwenye kasha la kukunja, eneo hilo limechukuliwa na bawaba, kwa hiyo chipu inasogezwa nyuma, na mara nyingine inawekwa ubavuni mwa springi ya chuma inayovuruga uga wa sumaku. Matokeo ni gari linalowaka leo na kugoma kesho. Kabla ya kununua kasha, lifungue uone nafasi ya chipu iko wapi. Kama iko mwisho kabisa, upande wa pete ya kuning'inizia, tafuta kasha jingine.

Meno yachongwe kutoka wapi?

Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinatumia ulimi ambao wauza funguo wanauita TOY43, wenye meno pande zote mbili ili uingie vyovyote utakavyougeuza. Kasha la kukunja huja na ulimi wa aina hiyo ambao haujachongwa. Fundi anaubana kwenye mashine sambamba na ufunguo wa zamani, ncha ya mashine inapita juu ya meno ya zamani, na gurudumu la kukatia linayafuata kwenye chuma kipya.

Hapo ndipo kasoro inaporithiwa. Ufunguo uliotumika miaka 15 meno yake yamelika, na nakala yake inachukua ulaji huo pamoja na kosa dogo la mashine. Ufunguo uliochakaa unaendelea kufungua kwa sababu umezeeka pamoja na kitasa chake. Nakala inaanza ikiwa tayari imeongezewa kosa. Kuchonga kwa namba ni bora zaidi, yaani mashine ipewe namba ya ufunguo na ikate kina cha kila jino kwa kipimo cha kiwandani. Namba hiyo hugongwa kwenye kibati kidogo kinachoambatana na funguo mpya. Kwenye mtumba kibati mara nyingi hakipo, lakini fundi mwenye uzoefu anaweza kupima meno yaliyosalia kwa kalipa, akakisia kina halisi cha kila jino, na kuchonga kwa kina hicho badala ya kunakili uchakavu.

Wapo wanaokata ulimi wa zamani shingoni, wakauchonga shina kwa tupa na kuupachika kwenye bawaba. Inawezekana, lakini kipimo hakina msamaha. Ulimi ukikaa milimita moja ndani au nje zaidi ya ulivyokuwa, kila jino linakutana na kibamba kisicho chake, na ufunguo wenye meno sahihi unagoma.

Bawaba: mahali kazi inapopimwa

Kwenye ufunguo mnyoofu, chuma kimeingia ndani ya kichwa na plastiki imemwagwa kukizunguka. Nguvu ya vidole inafika kwenye swichi bila kupita kwenye kiungo chochote. Ufunguo wa kukunja umekatwa mahali palepale penye mzigo mkubwa. Shina la ulimi, la sentimita moja hivi, linaingia kwenye mpasuko wa kichwa kinachozunguka, na pini nyembamba, aghalabu ya milimita 1.6, inapita katikati kulishikilia.

Pini hiyo haikuwekwa ibebe nguvu ya kuzungusha. Kazi yake ni kuuzuia ulimi usichomoke. Nguvu ya kuzungusha inapaswa kubebwa na kuta za mpasuko, zikilibana shina pande zote. Mpasuko ukiwa mpana hata kidogo, ulimi unacheza kabla ya kugusa ukuta, mzigo unahamia kwenye pini, tundu linapanuka na kuwa la umbo la yai, na mchezo unaongezeka kila gari linapowashwa. Ushike ulimi kwa vidole viwili na kasha kwa mkono mwingine, uzungushe polepole. Ukisikia mgongano mdogo wa chuma, usiuchukue ufunguo huo.

Dawa ya mchezo huo ni rahisi. Ukanda mwembamba uliokatwa kwenye kopo la soda una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kipande kimoja au viwili vikipangwa ubavuni mwa shina vinaujaza mpasuko. Gundi peke yake haitoshi, kwa kuwa inapasuka kwa msokoto, na ikichuruzika hadi kwenye bawaba inaigandisha.

Pini yenyewe ni bomba dogo lenye mpasuko kwa urefu wake. Linapogongwa kwenye tundu lililo dogo kidogo kuliko lenyewe linabanwa, na nguvu ya kutaka kutanuka ndiyo inayolishikilia. Ndiyo maana kuweka kipande cha msumari badala yake ni kosa: msumari hautanuki, utatembea taratibu mpaka uanguke. Kupanua tundu kwa keekee ili pini iingie kirahisi kunaleta balaa hilohilo.

Springi inahitaji mkono mtulivu. Ncha moja inaingia kwenye kichwa cha bawaba, nyingine kwenye kitufe, kisha inakazwa mzunguko mmoja au zaidi kidogo kabla ya kasha kufungwa. Ikilegea, ulimi unaishia njiani na kizuizi, kile kinachoufunga ulimi ukiwa wazi, hakifiki kwenye pengo lake. Ikikazwa kupita kiasi, ulimi unajigonga kila unapofyatuka na plastiki ya kizuizi inavunjika. Ulimi ukiwa wazi, usukume kuelekea upande wa kujikunja bila kugusa kitufe. Ukikubali hata kidogo, kizuizi hakijakaa.

Tukumbuke pia somo la Camaro. Kasha la kukunja ni pana na zito kuliko kichwa cha ufunguo mnyoofu, na upana huo ni wenzo: goti likiligusa pembeni, swichi inapokea nguvu kubwa zaidi. Pale ambapo swichi iko chini ya usukani, kaa kama unavyoendesha, rekebisha kiti, uone kama goti linalifikia kasha. Angalia pia kama kasha halikwami kwenye plastiki inayozunguka swichi kabla ulimi haujafika mwisho.

Sakiti, betri na majaribio

Kuhamisha sakiti ya rimoti hakuna mengi. Vitufe vya kasha vikae sawasawa juu ya swichi ndogo za sakiti, na springi ya bawaba isiguse njia zozote za umeme. Kwenye betri, soma namba: CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ina kipenyo kilekile na unene wa 1.6. Zipo rimoti zinazotumia CR2016 mbili zilizopangwa juu kwa juu ili kupata volti 6. CR2032 moja inaijaza nafasi hiyo vizuri, lakini inatoa volti 3 tu, na rimoti inakuwa dhaifu au kimya.

Majaribio yafanyike vioo vikiwa chini, ili kosa lisikufungie nje. Anza na ulimi kwenye kitasa cha mlango, kisha kwenye swichi. Washa injini, iache ikimbie kwa muda, izime, ugeuze kasha juu chini na uwashe tena: ulimi wenye meno pande mbili unaingia vyovyote, na chipu lazima isomeke kwa upande wowote. Maliza kwa rimoti, ukirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ifike umbali wa rimoti ya zamani.

Bei anayotajiwa mteja kwa kawaida ni ya kasha, na anachagua kwa kung'aa kwake. Bajeti ipangwe upya: kwanza chipu ya nakala ili ufunguo asilia usiguswe, pili meno yaliyochongwa kwa namba, tatu kasha lenye mpasuko unaolibana shina. Kama fedha inatosha kasha tu, ni heri kubadilisha kichwa kilichopasuka kwa kingine kilicho kinyoofu na kuendelea na safari.