Mstari na Tanakali: Mchoro wa Käthe Kollwitz wa 1933

Yako maoni kwamba katika uekspreshonisti, mkondo ule wa Ujerumani uliotanguliza hisia za ndani mbele ya mfanano wa nje, mkono wa mchoraji huachiwa ukimbie upendavyo, na kwamba mistari yake ni ya kuhisiwa tu, si ya kusomwa. Mchoro mmoja wa Käthe Kollwitz (1867–1945), ambaye hutajwa sana pamoja na mkondo huo ingawa hakuwa mwanachama wa Die Brücke wala Der Blaue Reiter, watosha kuyatia maoni hayo mashakani.

Mchoro huo wa mkaa umehifadhiwa katika National Gallery of Art, Washington. Wamwonyesha msanii mwenyewe kwa upande, akichora. Uso umejengwa kwa vivuli vilivyopimwa, na kiganja kilichoshika mkaa chatambulikana bila shida. Lakini kati ya bega na kiganja hamna nyama wala nguo: mna mpigo mpana wa mkaa uliopindapinda huku na huku, mzito na wa haraka.

Mpigo huo hauuelezi mkono, wautendesha. Katika sentensi “Alianguka pu!”, kitenzi chaarifu tendo, ilhali tanakali hulileta tendo lenyewe sikioni. Hata hivyo, pu ikitengwa na kitenzi chake hubaki sauti tu. Vivyo hivyo, mpigo wa Kollwitz wapata maana kwa kuwa uso na kiganja vimechorwa kwa kanuni zifahamikazo. Penginepo karatasini ungekuwa doa.

Mlinganisho huu una mpaka wake. Tanakali ni mali ya jamii, nayo hurithiwa. Mpigo huu haukurithiwa, hivyo hauna budi kupewa maana na mchoro mzima, papo hapo.

Mwaka huohuo wa 1933 Wanazi walimlazimisha Kollwitz kujiuzulu kutoka Chuo cha Sanaa cha Prussia, alimochaguliwa mwaka 1919. Ni rahisi basi kuusoma mpigo huo kama kilio. Lakini tarehe si ushahidi wa maana. Kinachoonekana karatasini ni kazi: nguvu itokayo begani hadi ncha ya mkaa. Ikiwa mna ukaidi, umo katika kuendelea kuchora. Mhakiki aanzaye na wasifu wa msanii atakiona kilio asichokichora, na kuikosa kazi aliyoichora.