Kuitikia Bila Kusikia: Uziwi katika Deaf Sentence ya David Lodge

Riwaya ya David Lodge, Deaf Sentence (2008), inaanzia katika ukumbi wa maonyesho ya sanaa uliojaa kelele. Desmond Bates, profesa mstaafu wa isimu, amemwinamia mwanamke kijana anayemsemesha. Hasikii takriban lolote, lakini anatikisa kichwa, anatabasamu, anaitikia. Baadaye yabainika kuwa amekubali kukutana naye kuhusu tasnifu yake, inayochunguza mtindo wa barua za watu waliojiua.

Kisa hiki huchekesha, na Lodge, ambaye mwenyewe alipungukiwa na uwezo wa kusikia, alikusudia kichekeshe. Hata hivyo, chanzo cha mkanganyiko si sikio pekee. Ni adabu. Kumtaka mtu arudie kauli mara ya nne ni kumuudhi na kujifedhehesha, afadhali kuitikia. Kinaya ni kwamba aliyeifundisha mantiki ya mazungumzo maisha yake yote ndiye anayejibu asichoulizwa. Yeyote aliyewahi kujibiwa "naam" na mzee mahali palipostahili "hapana" atautambua ukweli wa tukio hili.

Darasa la kusoma midomo analohudhuria Desmond nalo limechorwa kwa jicho kali. Tatizo lake si la Kiingereza tu. Mtu akitamka baba, mama na papa bila sauti, midomo hufumbika vile vile, kwani /b/, /m/ na /p/ zote ni sauti za midomo. Ni muktadha utakaoamua ni mzazi yupi aliyebisha hodi. (Samaki, bila shaka, hatarajiwi.)

Panapotiliwa shaka ni dai la Desmond kwamba upofu ni tanzia ilhali uziwi ni ramsa. Ramsa kwa nani? Kwa anayesikia, aliyeketi upande wa hadhira. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya riwaya ni shajara ya Desmond, hivyo uchovu wa mkewe, anayelazimika kurudia kila neno, unatufikia kupitia masikio yasiyomsikia. Viziwi wenye lugha yao ya ishara, kama ile ambayo Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, hawaushughulishi ulimwengu huu. Kwao kutoelewana ni suala la lugha mbili, wala si la kasoro ya mmoja.

Lodge anaimarika zaidi katika kurasa za Desmond na babake mzee, ambaye pia hasikii vizuri. Kila mmoja anapaza sauti, kila mmoja anajibu lake, na hakuna wa kubebeshwa lawama peke yake. Mzee anapokaribia kufa, ramsa inamponyoka mwandishi mkononi, naye haikimbilii.