Chogo bora hujulikana pembeni

Pale Kibiti, mtu anayerudi delta akifika kwa fundi kununua TV ya chogo iliyotumika, hutazama katikati ya kioo. Rangi zinang'aa, bei inafaa, anaibeba hadi Nyamisati na kupanda nayo boti. Amekagua mahali pasipo na mtihani.

Shingoni mwa tyubu hutoka miale 3 ya elektroni: mmoja wa vidoa vyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Koili zilizovikwa shingoni huivuta kutoka kushoto kwenda kulia, juu hadi chini. Ni mistari 625, ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, na picha kamili 25 kila sekunde. Katikati ya kioo miale hukutana bila taabu. Kwenye pembe safari ni ndefu zaidi, na koili iliyosogea hata kidogo huumbuka hapo.

Kwa hiyo unganisha king'amuzi, tafuta mpira. Chokaa ya uwanja ni kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mstari mweupe ukifika pembeni ukaachana, mwekundu huku, bluu kule, miale haikutani. Mstari ulionyooka ukipinda unapokaribia ukingo, mvuto wa koili hauko sawa. Picha ikifura kila weupe unapozidi, basi ule umeme mkubwa wa tyubu, volti zipatazo 25,000, umeanza kulegea. Na ukisikia mchirizo kama wa mafuta kikaangoni, unyevu na chumvi ya pwani vimeshaingia, umeme unavuja.

TV iliyokaa jirani na spika za kibanda umiza ina kisa chake. Bamba la matundu nyuma ya kioo hushika usumaku, nyasi zikawa zambarau kwenye pembe moja. Usiikatae haraka. Izime, ipoe, iwashe tena usikilize mvumo mfupi wa koili inayofuta usumaku. Doa likibaki hata fundi akipitisha koili ya mkono, huenda bamba limepinda; iache.

Trinitron, iliyotolewa na Sony mwaka 1968, ina nyuzi za chuma za wima badala ya matundu. Uzi hafifu wa kivuli unaokatiza kioo chake si ubovu.

Nikiwekewa ya inchi 29 yenye pembe chafu, na ya inchi 14 iliyonyoosha mistari ya uwanja hadi ukingoni, naondoka na ya inchi 14.