Biti 16 za Ukoo Mzima

Ufugaji katika michezo ya video ya Pokémon ulianza na matoleo ya Gold na Silver, yaliyotoka Japani Novemba 1999. Unawaacha dume na jike kwa wazee walezi kusini mwa mji wa Goldenrod, unazurura, ukirudi unakabidhiwa yai. Ubahili wa walioandika programu hiyo ndio unaostahili kuchambuliwa.

Kila Pokémon alipewa baiti 2 tu za maumbile, yaani namba nne za kuanzia 0 hadi 15: Shambulio, Ulinzi, Kasi na Nguvu Maalumu. Namba ya uhai haikutengewa nafasi. Inaokotezwa kwenye biti ya mwisho ya kila moja ya hizo nne. Jinsia nayo haikuhifadhiwa popote: Shambulio likiwa dogo ni jike, likiwa kubwa ni dume. Majike wakaonewa hivihivi, kwa sababu ya kubana nafasi.

Rangi adimu nayo imo humohumo. Ulinzi, Kasi na Nguvu Maalumu lazima ziwe 10, na Shambulio liwe moja kati ya namba nane maalumu. Porini bahati hiyo ni 1 kwa 8,192. Lakini mtoto hurithi Ulinzi wa mzazi wa jinsia nyingine, na Nguvu Maalumu yake huwa ileile au hupishana kwa 8. Kwa hiyo binti wa Gyarados mwekundu wa Lake of Rage, dume mwenye rangi hiyo adimu, ana nafasi 1 kwa 64 ya kuipata.

Undugu je? Hakuna daftari la ukoo. Ulinzi ukilingana, na Nguvu Maalumu zikilingana au zikipishana kwa 8, programu inawahesabu ndugu na yai halitagwi. Hata wageni kabisa hukataliwa namba zao zikiangukia hivyo, na wawili wenye rangi adimu hawazai kamwe.

Yai lenyewe ni Pokémon kamili wa ngazi ya 5 aliyefichwa. Nafasi ya kuhifadhi urafiki wake hutumika kuhesabu mizunguko iliyobaki, ikipungua kila hatua 256. Hapa ndipo ninapowavulia kofia walioandika programu hiyo.

Matoleo ya Ruby na Sapphire, mwaka 2002, yalimpa kila Pokémon namba ya biti 32 ya kuamulia jinsia. Ndugu wakaruhusiwa kuzaana, na rangi adimu ikaacha kurithiwa.