Kariakoo ya Barazani, Kariakoo ya Uani

Kuna picha ya Kariakoo ambayo wengi wetu tunayo kichwani hata kama hatukuzaliwa wakati ilipopigwa. Nyumba za chini zenye paa la bati, mtaa wa mchanga, wazee wenye kanzu wamekaa barazani wakicheza bao, mtoto anapita na kibakuli cha maharage. Picha za namna hii huzungushwa sana kwenye simu, na maneno yanayoziambatana hayabadiliki: tulikuwa tunajuana, maghorofa yametumaliza. Katika mwaka mmoja na nusu wa kusoma maandishi kuhusu Dar es Salaam kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nimekuta kwamba vitabu vizuri vinavyoukumbuka mtaa huu navyo vina kitu cha picha hiyo ndani yake. Vinaukumbuka mtaa kutoka mahali maalumu pa kukaa. Swali langu katika makala haya ni hilo tu: mwandishi amekaa wapi anapokumbuka, na kutoka pale haoni nini?

Tuanze na jina, kwa sababu jina lenyewe ni kumbukumbu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulipanga kuwa mji wa Waafrika liligeuzwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba chakula na risasi za jeshi. Midomo ya watu ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo, kama ilivyotokea pia Nairobi, ambako mpaka leo kuna Kariokor. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Sasa tembea Kariakoo usome vibao vya mitaa: Mahiwa, Narung'ombe, Tandamti. Hayo ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 huko kusini. Watu wanaokwenda Mtaa wa Narung'ombe kununua vitenge wanakanyaga ramani ya vita bila kuambiwa.

Mjini katikati, Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 inamwonyesha mwanajeshi mmoja na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina mpagazi pembeni ya askari. Ya Dar haina. Kwa hiyo katika jiji hili askari alipewa shaba na mpagazi akapewa mtaa wa kupanga. Nalisema hili mapema kwa sababu linarudia katika kila hatua ya historia ya Kariakoo: aliyebeba mzigo anabaki kwenye jina la mahali, jina lake mwenyewe halibaki.

Kitabu cha kwanza ambacho mtu anayetafuta Kariakoo kwenye fasihi ataelekezwa ni Uhuru Street cha M. G. Vassanji, mkusanyiko wa hadithi fupi uliotoka mwaka 1991. Mtaa wa Uhuru ndio ule uliokuwa ukiitwa Kichwele, na ndio uliounganisha mji wa Wahindi na mji wa Waswahili, ukipita Mnazi Mmoja, ule uwanja ambao wakoloni waliuacha wazi ili kutenganisha watu kwa rangi. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, anaijua barabara hii kwa undani wa mtoto wa duka. Anajua Jumapili mchana inavyokuwa ndefu, anajua mteja anayekuja kununua kitu cha shilingi moja na kukaa saa nzima. Hakuna mwandishi niliyemsoma anayeandika vizuri kuliko yeye juu ya hofu ya familia isiyojua kama itakuwepo mwakani. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Sheria ya mwaka 1971 iliyataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi za Kiasia zilianza kufunga mizigo. Hadithi yake inayoitwa "Leaving", juu ya mama anayepaswa kuamua kama kijana wake aende Marekani kusoma, inabeba uzito huo bila kuinua sauti.

Lakini Vassanji amekaa nyuma ya kaunta. Kutoka kwenye kaunta, Mwafrika huonekana akiwa mteja, mtumishi, ombaomba au mpita njia. Iko hadithi moja ambamo Mwafrika anazungumza na binti wa Kihindi kama mtu na mwenzake, tena wanapendana. Ni "Breaking Loose". Na huyo Mwafrika ni nani? Ni profesa kutoka Ghana. Niliposoma hadithi hiyo mara ya pili nilikaa kimya kwa muda. Ilimlazimu mwandishi kumleta mtu kutoka upande wa pili wa bara ili mazungumzo ya usawa yawezekane, ilhali hatua mia chache kutoka dukani kulikuwa na mtaa mzima wa watu. Simwiti Vassanji mbaguzi. Nadhani anatuonyesha ukweli wa mji uliogawanywa, na kaunta ndicho kipimo chake. Ila msomaji anayechukua Uhuru Street kuwa ndiyo kumbukumbu ya Kariakoo atakuwa amesimama mlangoni akidhani ameshaingia ndani.

Kitabu cha pili kimekaa barazani. Mohamed Said alitoa mwaka 1998 maisha ya Abdulwahid Sykes, mtu aliyekuwa mkuu wa Soko la Kariakoo na mmoja wa waliokuwapo TANU ilipoundwa Julai 7, 1954. Hoja yake inajulikana na bado inabishaniwa: kwamba historia rasmi ya uhuru iliwasahau wazee Waislamu wa Dar es Salaam, wale waliompokea Nyerere na kumfungulia milango. Unaweza kukubali au kukataa sehemu ya hoja hiyo, lakini huwezi kukataa alichokifanya na mtaa. Katika kazi yake siasa ina anwani. Mkutano unafanyika katika nyumba ya fulani, mtaa fulani, na jirani yake ni fulani mtoto wa fulani. Baada ya kumsoma, huwezi tena kupita Mtaa wa Lumumba ukaona maduka peke yake.

Hata hivyo, angalia ni nani wenye anwani. Ni wenye nyumba. Ukoo unaokumbukwa ni ukoo wenye kiwanja, na baraza linalosimuliwa ni la mtu aliyeweza kukaribisha wageni kwa kahawa na halua. Na hapa ndipo picha zile za kwenye simu na kitabu kizito cha historia vinapokutana.

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na mpango unaoeleweka. Mlango wa mbele unaingia ukumbini, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bafu. Mbele kuna baraza. Tunapoiomboleza nyumba hii tunasahau jambo ambalo ofisa wa kikoloni J. A. K. Leslie, katika uchunguzi wake wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1963, aliliona wazi: ilikuwa nyumba ya biashara. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki vikapangishwa, mara nyingi kwa watu wa makabila mbalimbali wasiojuana kabla. Vyumba sita, pengine familia tano, choo kimoja. Ujirani tunaousifu ulizaliwa humo, katika kodi ya mwezi na foleni ya ndoo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpangaji katika nyumba ya namna hiyo. Alifika kutoka Utete akiwa binti, akapanga chumba cha mwisho kulia, kilicho karibu na choo kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi, na akakaa humo zaidi ya miaka thelathini akikaanga vitumbua. Nikimwuliza juu ya baraza huniangalia kwa kunishangaa. "Barazani nilikuwa napita tu," huniambia. Maisha yake yalikuwa uani: nani kaanika nguo kwenye kamba ya nani, nani kaacha mbuzi ya nazi bila kuiosha, nani kajifungua usiku wa manane na maji yakachemshwa kwenye majiko manne kwa mpigo. Warithi walipoiuza ile nyumba, walipata chao na dalali akapata chake. Wapangaji walipewa mwezi mmoja. Leo pale pana ghorofa la fremu, na kuipata fremu moja kunataka kilemba ambacho bibi hawezi kukitaja bila kusema astaghfirullah. Katika picha zote za Kariakoo ya zamani nilizomwonyesha, hakuna aliyojiona ndani yake.

Kwa sababu hiyo kitabu ninachokirudia zaidi ni TANU Women cha Susan Geiger, cha mwaka 1997. Ni kitabu cha kitaaluma, hakikuandikwa ili kiwe fasihi, lakini kinafanya kitu ambacho fasihi yetu ya mtaa haijakifanya: kimekaa uani. Geiger aliwahoji Bi Titi Mohamed na wanawake wengine, akaacha maelezo yao yawe marefu. Bi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kabla hajawa kiongozi wa chama, na hoja ya Geiger ni kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Vikundi vya ngoma vilikuwa vimekwisha waunganisha wanawake wa makabila tofauti. Chama kilipokuja kilikuta mtandao uko tayari. Wanawake hao hawakuhitaji kufundishwa umoja wa kitaifa na mtu aliyesoma. Walikuwa wanauishi, wakati mwingine kwa kulazimika, katika nyumba za vyumba sita.

Kasoro ya kitabu ni kwamba kinawasikiliza zaidi waliofika kwenye siasa. Mwanamke aliyekaanga vitumbua siku ya mkutano ili watu wapate cha kula hayumo, au yumo kama harufu tu. Lakini njia ya Geiger inaonyesha pa kuanzia. Ukihamisha mkeka kutoka mbele ya nyumba kwenda nyuma, historia inabadilika wahusika.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, unatetea maghorofa? Hapana. Novemba 16, 2024 ghorofa moja liliporomoka hapa Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa, wengi wao watu waliokuwa kazini au wakinunua bidhaa. Mtaa unaopandisha majengo kwa haraka ya fedha unaua, na lazima tuseme hivyo. Ninachopinga ni kuomboleza vibaya. Tukisema kilichopotea ni nyumba za zamani na wazee wake, basi suluhisho litakuwa kuhifadhi nyumba mbili tatu, kuzipaka rangi na kuweka kibao. Tukisema kilichopotea ni nafasi ya mtu asiye na kitu kuingia mjini na kupata chumba karibu na soko, hapo tunazungumza jambo jingine, na wahusika wake bado wapo hai.

Soko lenyewe ni mfano mzuri. Jengo lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli ya zege inayokinga mvua na ghala lake la shimoni, lilikuwa la kisasa kabisa wakati wake. Hakuna aliyelijenga ili liwe kumbukumbu. Lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, niliona vijana wa rika langu ambao hawajawahi kununua hata fungu la nyanya pale wakiandika kwa uchungu juu ya paa. Paa lile linastahili uchungu. Lakini miezi michache baadaye, machinga walipoondolewa kwenye mitaa inayolizunguka, maombolezo yalikuwa machache, na waliochoshwa na msongamano walishangilia. Tulilia kwa ajili ya zege, na watu tukawaita uchafu.

Ndiyo maana sikubali kwamba tatizo la uandishi wa mitaa yetu ni uhaba wa kumbukumbu. Kumbukumbu zipo tele, zimelundikana mbele ya nyumba. Mwandishi kijana anayetaka kuandika juu ya Kariakoo, Magomeni au Ilala leo ana Vassanji wa kumfundisha jinsi ya kuangalia, Mohamed Said wa kumfundisha kwamba kila tukio lina mlango, na Geiger wa kumfundisha kunyamaza mtu anapozungumza. Akishavisoma vitabu hivyo, amtafute mpangaji. Amwulize mambo ambayo hakuna kitabu kati ya hivyo kinachoyajibu: kodi ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa akiikusanya, mlikuwa mnagawana vipi zamu ya kufagia ua, na siku mlipoambiwa mhame mlikwenda wapi. Wengi walikwenda Mbagala, Gongo la Mboto, Tandika. Sehemu kubwa ya historia ya Kariakoo sasa inakaa huko, na nauli ya daladala inatosha kuifikia.