Kumjua Fundi kwa Oili Aimwagayo

Katika gereji za pembezoni mwa Dar es Salaam, tangu Tandika na Mbagala upande wa Temeke hadi Mwenge na Tegeta upande wa Kinondoni, hakuna kazi inayodharauliwa kama kumwaga oili. Aghalabu hupewa kijana aliyeingia gerejini juma lile lile, ilhali fundi mkuu ameinamia pampu ya dizeli au gia boksi, kazi ambazo mwenye gari huziona kuwa ndizo zenye elimu. Mimi nashikilia kinyume chake. Gia boksi ikifungwa vibaya italia siku ile ile, na fundi ataifungua tena. Walakini oili ikibadilishwa vibaya gari huondoka likiwa kimya, likabeba saruji ya Wazo na mananasi ya Kiwangwa miezi kadhaa, na aibu ya kazi ile haifichuki mpaka metali zianze kugonga, wakati ambapo hakuna tena amkumbukaye aliyelala chini ya gari. Kazi ambayo kosa lake hujificha hivyo ndiyo ifaayo kupimia maarifa na uaminifu wa fundi, na kipimo chenyewe, kwa maoni yangu, hakimo katika oili mpya anayoitia bali katika ile kuukuu anayoitoa: stadi huisoma kabla ya kuitupa.

Ili mwenye pikapu apate kuhukumu kwa insafu, hana budi kufahamu kwanza oili ya dizeli imepewa mzigo gani. Injini aliyoibuni Mjerumani Rudolf Diesel, ambayo ilifaulu majaribio yake katika mji wa Augsburg mwaka 1897, haina plagi ya cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikapata joto kali, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Mshindilio huo ndio unaozipa pikapu zetu nguvu ya kupanda na shehena, lakini ndio pia unaozikandamiza metali za injini kwa uzito usiojulikana katika gari la petroli, na mwako wake huacha masizi, ambayo sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Basi oili hutakiwa kuvitenganisha vyuma viwili visigusane, kuchukua joto la pistoni, kuyabeba masizi yaelee badala ya kuganda, na kuizima asidi itokanayo na kiberiti cha dizeli. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichoanza Januari 2015 kilikishusha kiberiti hicho hadi sehemu 50 katika milioni. Asidi ikapungua, haikwisha.

Ndiyo maana nasema kwamba mtu ahukumuye oili ya dizeli kwa weusi wake hajaijua bado. Nimesikia wenye magari wengi wakilalamika kwamba wametiwa oili bandia kwa kuwa imekuwa nyeusi siku ya pili, na mafundi wasiojua wakiungama kosa ambalo hawakulitenda. Oili njema ya dizeli hugeuka nyeusi upesi, pengine kabla gari halijamaliza safari yake ya kwanza, kwa sababu imeyaokota masizi yaliyosalia injinini, na hiyo ni kazi iliyonunuliwa kuifanya. Linalopaswa kutia hofu ni injini kuukuu ya dizeli ambayo oili yake imekaa miezi na ingali nyangavu, kwani hapo mtu ana haki ya kuuliza masizi yamelala wapi.

Mtazame fundi anavyopima. Mwenye pupa huchomoa kijiti gari likiwa limeegeshwa ukingoni mwa mtaro, upande mmoja juu na mmoja chini, akakitupia jicho na kusema iko sawa. Stadi hutaka gari lisimame pahali tambarare, injini izimwe na kuachwa dakika tano hadi kumi ili oili iliyotapakaa juu iteremke, ndipo akichomoe kijiti, akifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, akirudishe hadi mwisho na kukichomoa mara ya pili, kwani kipimo cha mara ya kwanza huwa kimepakwa oili iliyoambaa kwenye bomba. Baina ya alama ya chini na ya juu mna takriban lita moja katika pikapu nyingi, na mahali pa kutakiwa ni karibu na alama ya juu bila kuivuka. Kisha, na hapa ndipo stadi anapojitenga na wengine, huchukua tone akalisaga baina ya kidole gumba na cha shahada, na kulinusa. Chembe zikwaruzazo ni mchanga au chuma. Harufu kali ya dizeli pamoja na oili iliyopanda bila kuongezwa ni dalili ya nozeli zinazovuja au pampu iliyochoka, nayo ni habari mbaya kuliko oili iliyoshuka, maana injini inayokula oili humwomba mwenyewe aiongeze, ilhali hii huonekana imeshiba kumbe imechujuka. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yamepata njia, yamkini gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepata ufa. Fundi anayeiona rangi hiyo, akaimwaga, akatia mpya na kupokea ujira bila kusema neno, si fundi bali mwizi wa injini.

Wapo pia waaminio kwamba oili ikizidi ni baraka. Kiungo cha chini kinachozunguka, yaani krankishafti, kikiifikia oili iliyozidi huipiga ikawa povu, na povu halibebi uzito. Na katika injini yenye tabo (turbo), oili ikisukumwa mpaka kwenye njia ya hewa, injini inaweza kujilisha oili yake na kuvuma bila kuzimika kwa ufunguo. Kuzidi ni kosa sawasawa na kupungua.

Mintarafu ya kuchagua oili, maandishi yaliyo kwenye galoni yana maana kuliko picha ya gari iliyochorwa juu yake. Namba kama 15W-40 ni kipimo cha uzito kilichowekwa na SAE, jumuiya ya wahandisi iliyoasisiwa Marekani mwaka 1905: ya kwanza, yenye herufi W, huelezea mwenendo wa oili katika baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa na moto. Utasikia ikisemwa kwamba kwetu Pwani hakuna baridi, kwa hiyo SAE 40 tupu au 20W-50 inatosha. Katika Hilux kongwe za injini ya 3L na 5L zisizo na tabo sikatai; lakini hata Mbagala, alfajiri injini imelala, oili nyepesi hufika juu mapema kuliko nzito, na sehemu kubwa ya kulika kwa metali hutukia katika nukta hizo za kuwasha. Kwa injini za 2KD na 1KD, ambazo tabo yake huzunguka kwa kasi ya ajabu juu ya utando wa oili tu, kutia oili nzito kwa dhana kwamba uzito ni ubora ni dhuluma. Hali kadhalika zitazamwe herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani: zinazoanza na C, kama CF-4 au CI-4, ni za dizeli, na zinazoanza na S ni za petroli; galoni isiyo na herufi yoyote ya C haina kazi katika pikapu ya dizeli, hata ikiwa rahisi namna gani.

Ghushi ipo, na kuitambua kwa kuona oili yenyewe ni vigumu, kwani oili kuukuu iliyochujwa na kutiwa rangi yaweza kung'aa kama mpya. Kwa hiyo hadhari huanzia kwa muuzaji. Fundi mwaminifu hukutuma ununue mwenyewe, au huleta galoni mbele yako ikiwa na lakiri yake nzima na namba ya toleo isiyofutika, akaivunja ukiona. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na jina huikataa. Na akimaliza, huitoboa galoni tupu, ili isirudi mtaani ikajazwa kitu kingine chini ya jina lile lile. Nikiona msumari umepita kwenye kitako cha galoni, nina imani na gereji hiyo kabla sijaona spana zake.

Sasa kazi yenyewe. Oili humwagwa ikiwa vuguvugu, si baridi wala si ya kuunguza, kwa sababu joto huifanya iondoke pamoja na uchafu unaoelea ndani yake. Nati ya sampu ifunguliwapo, stadi hutega karai safi, naam, safi, maana katika karai lenye mchanga hakuna kinachosomeka. Huuacha mkondo uishe, na baada ya mkondo matone, kwa muda ambao wenye haraka huuona kuwa upotevu. Katika muda huo hana uvivu: hupitisha kidole ndani ya nati, huinamisha karai juani, hutafuta mng'ao wa shaba au wa risasi, ambao ni metali zikiaga. Filta kuukuu huikata kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake, kwani humo ndimo zilimonaswa chembe zisizoonekana kwenye karai. Wapo wanaomwaga dizeli injinini ati waisafishe, wakaiwasha nayo kidogo; sehemu yake hubaki kwenye mianya na kuichujua oili mpya, nami simpi gari langu afanyaye hivyo.

Katika kufunga, macho yafuate vitu vidogo. Je, mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, au umeng'ang'ania kwenye injini, ambapo mpira mpya juu ya ule utafumka njiani na kumwaga oili yote? Je, ameupaka mpira mpya oili kidogo, na kuikaza filta kwa mkono tu, takriban robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa, au ameikazia kwa mnyororo hata atakayefuata ashindwe kuifungua? Je, washa ya nati ni mpya? Baada ya kujaza, huiwasha injini bila kuikanyaga, akaiacha ingurume polepole hata taa ya oili izimike na shinikizo liifikie tabo. Kisha huizima, husubiri, hupima tena, kwani filta imekwisha kunywa sehemu yake, na kuongeza kilichopungua. Anayepokea fedha kabla ya kipimo hiki cha pili hajamaliza kazi.

Kuhusu muda, kilomita 5,000 ni desturi nzuri, ila foleni ya Kilwa Road jioni huihesabu injini kwa saa na si kwa kilomita: gari limesimama, oili inafanya kazi. Pikapu ya kubeba mchanga au ya foleni ya kila siku imwagwe oili mapema zaidi.

Mwisho hutazamwa oili chafu inakokwenda. Baadhi huchukuliwa na maseremala kupaka mbao za kenchi dhidi ya mchwa, baadhi huuzwa kwa wanaoikusanya kwa mapipa; hayo yana utaratibu wake, ingawa mbao hizo zisiguswe kwa mikono mitupu. Lakini gereji nyingine huielekeza mtaroni. Upande wa Temeke baadhi ya mitaro huishia Mto Kizinga, ambao ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni, na upande wa Kinondoni baadhi huishia Mto Msimbazi. Kabla hujatoa ufunguo wa gari, muulize fundi pipa la oili chafu liko wapi, na uende ulione: liwe na mfuniko, liwe juu ya sakafu isiyolowa, na pembeni yake pawe na ndoo ya pumba za mbao za kufyonzea itakayomwagika.