Binti Anayengoja Simu

Wako wazazi ambao wakikuta kitabu cha mapenzi mkononi mwa binti yao hukinyang'anya mara moja, wakakifungia sandukuni wasisome hata ukurasa mmoja. Hatuwalaumu wote. Viko vitabu vya namna ile visivyofaa ila kuwashia moto. Lakini mtu akihukumu asichokisoma, mtoto hutambua upesi, na tangu siku ile hataleta swali tena nyumbani. Kwa sababu hiyo tumechukua kimoja, tena cha zamani, tukakisoma mpaka mwisho, ili tuseme kwa haki mazuri na mabaya yake.

Kitabu hicho chaitwa Seventeenth Summer, yaani majira ya joto ya mwaka wa kumi na saba. Kilitoka Marekani mwaka 1942. Mwandishi ni Maureen Daly, aliyezaliwa Ireland mwaka 1921, akalelewa katika mji mdogo wa Fond du Lac, jimbo la Wisconsin, kando ya ziwa Winnebago. Alikiandika alipokuwa bado mwanafunzi katika Rosary College, koleji ya masista Wadominiko karibu na Chicago. Jambo hili si dogo. Watu wazima wakiandika juu ya ujana huutia sukari, au huucheka. Huyu hakuwa na nafasi ya kuucheka, maana alikuwa bado ndani yake. Siku hizi wengi humhesabu miongoni mwa waliofungua njia ya vitabu vinavyoandikiwa vijana wenyewe.

Habari yenyewe ni fupi. Angie Morrow amemaliza masomo ya sekondari, na majira ya joto yakiisha atakwenda koleji Chicago. Jack Duluth ni mwana wa mwoka mikate; anaendesha motokari ya mikate ya baba yake, na mjini anajulikana kwa mpira wa kikapu. Anamwalika Angie mashuani, wanapendana, na mwisho wa majira wanaagana: msichana aenda masomoni, kijana ahamia Oklahoma pamoja na jamaa zake. Basi. Hakuna mauaji, hakuna kutoroka usiku, hakuna urithi uliofichwa. Anayetafuta visa atasinzia kabla ya ukurasa wa ishirini, na sisi wenyewe tuliruka kurasa kadhaa za maua na bustani.

Lakini anayetaka kujua moyo wa binti wa miaka 17 unavyofanya kazi, na asome polepole. Angie hasemi, "Nampenda." Kwanza anajiuliza kama yeye anafaa kupendwa. Je, nimecheka mno? Mbona hakupiga simu leo? Labda amemwona mwingine. Siku nzima inapita, kazi za nyumbani zinafanyika, vyombo vinaoshwa, na sikio liko kwenye simu. Mwandishi aliijua sana habari hii ya kungoja, kwani alipokuwa bado sekondari alikwisha kuandika hadithi fupi, Sixteen, juu ya msichana aliyesindikizwa nyumbani na kijana kutoka mchezo wa kuteleza juu ya barafu. Kijana anasema atapiga simu. Simu haipigwi. Hadithi nzima ndiyo hiyo, nayo inauma kuliko mapigano.

Tena mji mdogo una macho. Pale Fond du Lac liko duka ambapo vijana hukutana kunywa soda, na wako wavulana ambao kazi yao jioni ni kuangalia nani ametoka na nani. Asubuhi watu wote wanajua. Mtu asiseme kwamba mambo hayo ni ya Marekani tu! Msichana anaingia dukani mara ya kwanza na kijana wake, na kabla hajaketi amekwisha kupimwa: nguo, nywele, mwendo. Kesho akija peke yake atapimwa tena. Twaona kwamba sehemu kubwa ya furaha ya Angie si Jack mwenyewe, bali kuonekana na Jack. Mwandishi hakuficha neno hili, wala hakulitia hotuba. Ameliacha hapo, msomaji alione.

Sasa tufike mezani, maana hapo ndipo kitabu kinapopanda juu. Jack anaalikwa kula kwa akina Morrow. Dada zake Angie wamesoma, nyumba ina adabu zake, mazungumzo yanapita juu ya kichwa cha mgeni. Halafu kijiko cha Jack kinagonga meno yake. Kinagonga tena. Angie anasikia kila mgongo wa kijiko, na yule aliyempenda jana mashuani sasa anamwonea haya mbele ya jamaa yake. Wapenzi wasomaji, hapa tuliweka kitabu chini kidogo. Vitabu vingi vya mapenzi hutufundisha kumhurumia msichana anayeogopa kudharauliwa. Vichache huthubutu kuonyesha kwamba msichana yule yule, kwa hofu ile ile, anaweza kumdharau mwingine. Kosa la Jack ni nini? Hakuiba, hakutukana. Alizaliwa katika nyumba ya mikate. Angie anamwangalia kwa macho ya dada zake, na hajui kwamba ameazima macho hayo.

Yuko pia dada mkubwa, Lorraine. Huyu amekwisha kwenda koleji, anasoma, anatengeneza nywele kila usiku, na moyo wake ameuweka kwa Martin Keefe, mwanamume wa maneno matamu ambaye huja apendapo na kukaa kimya apendapo. Lorraine anangoja kama Angie, ila kungoja kwake hakuna utoto tena. Kwa maoni yetu huyu ndiye mtu wa kweli kuliko wote kitabuni, na Daly angaliweza kumpa nafasi zaidi. Angie anaona dada yake akishuka ngazi moja moja mpaka kuomba apendwe, naye hasemi kitu. Wala mama hasemi.

Hapo ndipo tunapokigombeza kitabu. Nyumba ile imejaa wanawake, lakini hakuna hata mmoja anayekaa na binti akamwambia mambo ya moyo. Mama ni mwema. Kati yake na Angie twasikia zaidi habari za chakula, nguo na saa ya kurudi. Yuko wapi bibi? Yuko wapi shangazi? Yamkini mwandishi aliandika kweli jinsi nyumba za kwao zilivyo, na kweli si kosa. Lakini tulingoja sauti moja tu ya mtu mzima, haikuja. Vijana wa kitabu hunywa bia na kuvuta sigara pia, nasi twawaonya wazazi juu ya hilo, ingawa hatuoni kwamba ndilo jambo kubwa.

Wengine watatuambia kwamba vijana wa leo hawasomi cha mwaka 1942. Husoma Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005. Vema, tulinganishe. Bella Swan naye ana miaka 17. Ni mgeni katika mji wa Forks, na hajioni kuwa mzuri. Edward, mnyonya damu asiyezeeka, anamchagua yeye kati ya wote. Mara hofu yake inapata dawa, nayo ni mtu mmoja. Katika kitabu cha pili, New Moon, cha mwaka 2006, Edward anapoondoka, mwandishi anaweka kurasa zenye jina la mwezi tu, Oktoba mpaka Januari, pasipo habari yoyote. Ufundi huo ni mzuri, hatuukatai. Maumivu yake ni ya kweli. Lakini tazama maana yake: kijana hayupo, basi msichana hana la kusimuliwa. Angie, aliyeandikwa miaka zaidi ya 60 kabla, anaagana na Jack kwa machozi, kisha anaendelea na safari yake, na ni yeye mwenyewe anayesimulia.

Twajua kwamba binti wengi watapenda mwisho wa Meyer kuliko wa Daly. Harusi hupendeza. Nasi tukiri kwamba Daly anatuacha na njaa: hatujui kama Jack atapata kazi njema huko Oklahoma, wala kama barua zitaandikwa. Msichana yumo garimoshini, mji unabaki nyuma, na mwandishi anakataa kutuambia zaidi. Alikuwa na miaka 21 kitabu kilipotoka. Labda yeye mwenyewe alikuwa bado hajui.